Jiwe la Mlangoni kwa Shemeji

Jumapili, 4 Juni

Asubuhi machimbo ya zamani ya chokaa, pamoja na shemeji. Jua zuri. Magoti yangu yalikubali, ya kwake yalilalamika. Wiki imeanza vizuri.

Kwa faida ya atakayesoma shajara hii nikishaondoka duniani (nadhani itachapishwa): kisukuku ni mabaki ya kiumbe wa zamani sana yaliyohifadhika katika mwamba. Kiumbe anakufa baharini. Tope linamfunika. Tope linakuwa jiwe, bahari inahama zake, na baada ya mamilioni ya miaka anatokea mwalimu mstaafu wa jiografia mwenye nyundo. Ni hivyo tu. Nimemweleza mke wangu mara nyingi. Leo nilipofika kwenye tope aliniomba nimsogezee chumvi.

Nimeokota mwani! Mwani mzima, mweusi, matawi membamba kama unyoya, umelala juu ya bamba la jiwe jeupe. Nilipiga ukelele. Shemeji akaja kwa mwendo usiolingana na magoti yake, akatoa lenzi, akaangalia kwa muda mrefu kwa ile sura aliyokuwa akiwaangalia nayo watu waliomletea cheti cha daktari kilichofutika. Kisha akasema pole, shemeji, huu si mwani. Ni madini. Maji yenye madini hupenya kwenye ufa wa jiwe, yakikauka yanaacha doa lenye matawi. Akasema hata mtoto wa shule anajua. Akaongeza kwamba labda si wa shule yako.

Nikamwambia nitafanya uchunguzi zaidi. Nikaufunga mwani wangu kwenye gazeti.

Shemeji huyu ni kaka wa mke wangu, mfamasia mstaafu. Humu shajarani namwita Vidonge. Yeye huniita Profesa, tena mbele za watu. Visukuku vyake vyote vimo kwenye vichupa vya dawa, kila kimoja na karatasi yake: jina, mahali, tarehe. Ninaamini kimoja kina maelekezo ya kumeza baada ya chakula.

Sasa jambo kubwa. Maktaba ya mtaa ina kabati la kioo pale mlangoni, tupu. Mkutubi ametangaza kwamba Jumamosi atakuja mtaalamu kutoka makumbusho kuchagua mkusanyiko wa mawe utakaokaa humo. Mmoja tu. Waliojiandikisha ni wawili: mimi na Vidonge.

Nyumbani nako kuna tangazo. Mawe yangu yamekalia meza ya chakula tangu nilipostaafu, nasi tunakula sahani zikiwa mapajani. Mke wangu amesema, kwa ule upole wake unaotisha, kwamba mawe yakipata kabati, heri. Yasipopata, Jumapili ijayo yanatoka mezani kwenda kuzungushia bustani yake ya nyanya. Nikauliza kama ni utani. Akauliza nyanya zizungushiwe duara au mraba.

Jumatatu, 5 Juni

Nimekwenda kwa Vidonge kupeleleza ameandaa nini. Kisingizio: kurudisha koleo lake. (Ni langu. Nilijitoa mhanga.)

Nikainama mlangoni kuvua viatu. Nikabaki nimeinama.

Kwenye jiwe la kukanyagia, pale pale kizingitini, karibu na mahali linapoishia zulia la kufutia miguu: duara lililojizungusha ndani kwa ndani, pana kama sahani, vyumba vyake vyote vikionekana, ukuta baada ya ukuta. Amonaiti! Moyo ulinipiga pa!

Nieleze. Amonaiti alikuwa mnyama wa baharini, jamaa wa ngisi na pweza, aliyeishi ndani ya gamba la mviringo. Kila alipokua alijenga chumba kipya mbele, akahamia humo, akafunga cha nyuma. Hakuhama nyumba, aliirefusha. Ametoweka duniani siku nyingi sana, na huyu alikuwa kwenye kizingiti cha Vidonge tangu ilipojengwa nyumba ile. Vidonge anatembea na lenzi shingoni, lakini kila akitoka machimboni anafutia matope juu yake!

Nilichelewa mno na kamba za viatu. Mke wa Vidonge akatoka akauliza kama nina kizunguzungu. Nikasema ndiyo, shinikizo la damu. Kosa. Vidonge akaja mbio na kipimo chake, akanifunga mkono, akapampu. Shinikizo lilikuwa juu kweli! Wakanilaza kwenye kochi, nikapewa maji na hotuba ndefu kuhusu chumvi. Mkusanyiko wake sikuuona. Sikuuhitaji tena.

Nilifikiria kumwambia. Niliifikiria kwa uaminifu kabisa, kutoka kwake hadi kwenye kona ya fundi viatu. Halafu nikafikiria kabati. Likikaa jiwe lile katikati na yangu mengine pembeni, Vidonge na vichupa vyake watabaki wakiomba nafasi kwenye dirisha.

Swali moja tu: unamwondoleaje mtu kizingiti huku anakushukuru?

Jumanne, 6 Juni

Jibu: kwa upendo.

Nimekwenda kwa Vidonge nikiwa na uso wa huruma. Nikamwambia mbele ya mkewe kwamba jiwe lao la mlangoni limelika katikati kama bakuli. Mvua ikinyesha maji yanatuama. Umri wetu huu, mtu akiteleza ni nyonga. Nikawaeleza msuguano ni nini, na kwa nini jiwe lililosuguliwa na miguu mingi linakosa mshiko. Nikaweka mguu kuonyesha.

Nikateleza kweli. Nilikaa chini kwa kishindo ambacho jirani alikuja kuulizia.

Nimeumia, lakini sijawahi kufundisha somo likaeleweka haraka vile. Mke wa Vidonge akamgeukia mumewe akasema unaona? Miaka nenda miaka rudi nasema jiwe hili litaua mtu, nawe unaniambia ni mawazo. Vidonge akajitetea kwamba yeye hajateleza. Mkewe akamwambia wewe unatembea kama kinyonga, utatelezaje.

Hapo nikatoa zawadi. Nikasema fundi nitamleta mimi, jiwe jipya nitalileta mimi, wao wasiguse kitu. Vidonge akanigeukia. Akasema shemeji, tangu umuoe dada yangu umenipa mwavuli mmoja, na uliuazima wiki iliyofuata. Leo kizingiti? Nikamwambia uzee unalainisha moyo. Akasema wangu bado, lakini ahsante.

Nimerudi nyumbani nikichechemea na kuimba. Mke wangu akanikanda mgongo, akauliza nimefanya nini. Nikasema wema. Akaacha kukanda kidogo, kisha akaendelea.

Jumatano, 7 Juni

Nimempata fundi mwashi kwenye ukuta wa shule anaojenga. Kijana mchapakazi, mikono kama majembe, ana tabia moja tu: hutikisa kichwa kukubali kabla sentensi haijafika nusu.

Nikampa fedha za jiwe jipya, kisha maelekezo kwa utaratibu. Kwanza, jiwe la zamani limelika, mwenye nyumba anataka sehemu bapa ya kukanyaga. (Akatikisa.) Pili, atang'oa la zamani polepole, bila kulivunja hata kona. (Akatikisa.) Tatu, la zamani ataliweka kwenye toroli, atalifunika gunia, atalileta uani kwangu bila kumwambia mtu. Hapo akaacha kutikisa. Akauliza mwalimu, jiwe bovu la nini? Nikasema la kufulia. Akasema anaweza kunitafutia la kufulia zuri zaidi. Nikasema nina mapenzi na lile. Akanitazama kama watu wanavyowatazama wastaafu, akatikisa.

Jioni nimepanga upya meza. Nimeacha nafasi ya heshima katikati. Mke wangu akauliza mbona mawe yanajibanza kama abiria. Nikasema anakuja mgeni. Nimeandika na kibandiko tayari, kwa wino mweusi: AMONAITI. Na chini yake: Imegunduliwa na Mwalimu Mkuu Msaidizi (Mstaafu). Mwandiko wangu bado ni mzuri sana.

Alhamisi, 8 Juni

Nitaandika kwa utulivu.

Asubuhi nilikaa dirishani kwangu, maana mhusika hatakiwi kuonekana kwenye eneo la tukio. Mchana likaja toroli. Fundi analisukuma kwa mkono mmoja, anapiga mluzi. Toroli jepesi. Toroli tupu.

Nikatoka kumpokea. Fundi anacheka hadi magego. Akasema mwalimu, leo nimekuokoa! Eti alipong'oa lile jiwe aliona upande wa chini haujawahi kukanyagwa na mtu, bapa, mzima. Sasa jiwe jipya la nini? Amelirudisha dukani. Lile la zamani ameligeuza tu, la chini likawa juu, akalilaza kwenye saruji nzito. Akasema wazee wake wote wa kazi walifanya hivyo, kizingiti kikichoka upande mmoja kinageuzwa, ni kama kugeuza godoro. Akapiga kifua. Akasema lile halitoki hata kwa tetemeko.

Nikakaa kwenye ukingo wa toroli.

Akauliza kama ni furaha. Nikasema ndiyo. Mke wangu akamletea chai, naye akamweleza mwanzo hadi mwisho, pamoja na habari ya jiwe la kufulia. Mke wangu akanitazama. Tangu tuoane sijawahi kufua.

Kwa hiyo amonaiti wangu amelala kifudifudi, pua kwenye saruji, kwa amri yangu mwenyewe. Nimeula wa chuya.

Si hayo tu. Kabla chai haijaisha akatokea Vidonge, mbio, pekupeku, lenzi inamruka kifuani. Akanishika mkono akanivuta njia nzima. Kumbe fundi alipoondoka, Vidonge alichukua ndoo na brashi kuosha matope ya upande mpya wa jiwe, na kila alipoosha kikatokea kitu.

Shajara haiongopi: ni kizuri. Ni kizuri mno. Shina refu la pingili ndogo ndogo kama shanga zilizotungwa, juu yake kikombe, na kutoka kwenye kikombe mikono mingi myembamba imefunguka kama mwavuli uliopinduliwa na upepo. Yungiyungi la bahari! Mtu asidhani ni ua. Ni mnyama, jamaa wa kiti cha pweza, yule samaki nyota, aliyejishika chini baharini kwa shina lake na kukamata chakula kwa mikono. Mara nyingi tunaokota pingili moja moja, zimetawanyika. Mzima namna ile nimemwona vitabuni tu.

Niliyaeleza hayo yote pale pale, kwa sauti, nimesahau kukasirika. Vidonge alikuwa amepiga magoti anaitikia kila neno. Kisha akasimama akanikumbatia. Macho yake yana maji. Akasema shemeji, nimekudhihaki miaka yote, lakini bila wewe ningekufa nakanyaga upande usio na kitu.

Upande usio na kitu!

Mkewe akanipa kiti, akanipa kinywaji, akawaita majirani waje wamwone shemeji aliyeleta bahati. Nikapeana mikono na mtaa mzima. Ni kazi ngumu kushukuriwa, hasa ukiwa umesimama juu ya amonaiti wako.

Ijumaa, 9 Juni

Nimepita kwa Vidonge kumtia moyo, yaani kumvunja. Nikamwambia masikini, jiwe hilo halitaingia kabatini, limeshikwa na saruji. Akasema hana shida, mtaalamu atakuja kuliona hapa hapa, na vichupa atavipeleka maktaba. Kwa hiyo anakuja na silaha mbili. Mimi nina mwani.

Amezuia mlango wa mbele kwa vyungu vya maua ili mtu asikanyage. Wageni wote wanazunguka nyuma na kuingilia jikoni. Mkewe alikuwa anakaanga vitunguu huku watu wakimpita wakisema samahani. Alinisalimia kwa jina langu kamili.

Jioni mke wangu amenisaidia kuandika vibandiko. Nasoma, anaandika. Mwani. Yai la kasa, lililogeuka jiwe. Kidole cha ngisi mkubwa. Nyayo za kaa. Kwenye yai la kasa akaweka kalamu chini. Akauliza kama hili silo lile lililokuwa linazuia mlango wa banda la kuku. Nikamwambia kila kitu cha kisayansi kimewahi kuwa mahali fulani. Akasema sawa mzee, akaandika. Kisha akaniambia nisihuzunike sana, nyanya zitapendeza. Ana moyo mzuri. Nikajisikia vibaya nusu saa.

Jumamosi, 10 Juni

Siku yenyewe!

Mtaalamu ni binti wa umri wa wanafunzi wangu wa mwisho, mabuti yana matope. Nikampenda kabla hajasema. Alianzia kwa Vidonge nyumbani, nasi tukamfuata nyuma kama maharusi. Alipomwona yungiyungi alipiga magoti, akainamisha uso karibu na jiwe. Kisha akasema jiwe lisiguswe mpaka arudi na wenzake, lijengewe kivuli, na makumbusho yataliandika kwa jina la mwenye nyumba. Vidonge akarefuka. Mtaalamu akasema, huku akipapasa ukingo, kwamba anatamani sana kujua upande wa chini ukoje. Nikashikwa na kikohozi. Vidonge akanipigapiga mgongo, akamwambia usihangaike mama, chini ni jiwe tupu.

Kisha maktaba. Meza mbili, mkutubi katikati kama refa.

Vichupa vya Vidonge: mtaalamu akavisifu. Safi. Majina sahihi yote. Lakini kome hawa na konokono hawa ni wadogo na wa kawaida mno, akasema, na kila mtoto atakayekuja itabidi aazimwe lenzi.

Meza yangu. Alitembea polepole. Akainua mwani, akatabasamu, akaurudisha. Akainua yai la kasa: akasema ni donge la madini lililojiviringisha lenyewe. Kidole cha ngisi: jiwe lililochongwa na maji. Alipofika kwenye nyayo za kaa akauliza natumia patasi ya upana gani. Nikamwonyesha. Akaiweka juu ya nyayo. Ikaingia sawasawa.

Nyuma yangu Vidonge alikuwa anatoa sauti kama birika.

Kumbe kitu kimoja mezani kwangu kilikuwa cha kweli: jino la papa. Lile nililolitumia kuinulia kibandiko cha yai.

Nikaanza kuzihesabu nyanya kichwani. Lakini mtaalamu akarudi mwanzo wa meza, akatembea tena, safari hii anatikisa kichwa kwa furaha. Akasema kila wiki watu wanawaletea makumbusho mawe kama haya, wamejawa na matumaini, nao wanachoka kuwaeleza mmoja mmoja. Hajawahi kuona yote yakiwa pamoja. Maneno yake, nayaandika yalivyo: "Mwalimu, huu ni mkusanyiko kamili." Akamwambia mkutubi kwamba anayejifunza visukuku anahitaji kwanza kujua kisichokuwa kisukuku. Kabati ni langu! Juu yake patakuwa na maandishi makubwa: MAWE YANAYODANGANYA MACHO. Na chini, jina langu, kubwa vilevile.

Vidonge amecheka mpaka akakalishwa. Kisha akaomba ruhusa kwa mkutubi aandike karatasi za maelezo yeye, kwa mwandiko wa dawa. Nikakubali. Mshindi hana kinyongo.

Kamili. Hilo ni neno la kitaalamu. Mkusanyiko wa Vidonge haukuitwa kamili.

Jioni mke wangu alitandika kitambaa mezani. Tulikula viwiko vikiwa mezani. Nilikuwa nimesahau ile meza ina droo.

Jumapili, 11 Juni

Siku ya raha. Vidonge na mkewe walikuja kula mezani. Nimewaeleza tofauti kati ya kisukuku na doa la madini, kwa kuwa sasa mimi ndiye mwenye kabati la somo hilo. Vidonge hakunikatiza hata mara moja. Alikuwa na mawazo. Anahofia mvua na jua vitamwumiza yungiyungi wake.

Nikaweka kijiko chini. Nikasema taratibu kwamba jiwe kama lile, kwa ajili ya sayansi, halifai kukaa nje. Linahitaji paa. Na mimi baraza langu la nyuma lina paa, halina kitu, na sasa hata mezani kuna nafasi. Likilala pale kwa muda tu, nitalitunza kama mboni ya jicho. Vidonge akasema mtaalamu alisema lisiguswe. Nikamweleza kwamba kuguswa ni jambo moja na kuhamishwa ni jambo jingine. Akasema atafikiri. Mkewe akasema hakuna cha kufikiri, lichukuliwe hata leo, amechoka kuingia nyumbani kwake kama mwizi. Vidonge akafikiri haraka.

Likishafika, siku moja nitaliinua kidogo kufagia chini yake. Na hapo, kwa bahati kabisa, macho yangu yataona kitu. Kibandiko ninacho.

Wiki hii nimepima makosa yangu kwa haki, na nimeona ni moja tu: maelekezo hayakuwa wazi. Kwa hiyo jioni nimempitia fundi. Nimemweleza pole pole, kama nilivyokuwa nikieleza latitudo. Asilivunje. Asiligeuze. Saruji yote iliyoganda upande wa chini aiache ilivyo, nitaibandua mwenyewe. Alitikisa kichwa tangu neno la kwanza. Amesema amenielewa kabisa, tena nisijisumbue kusimamia, kesho asubuhi ataanza kwa kuisaga hiyo saruji na mashine yake mpya mpaka jiwe ling'ae.

Kijana mwenye bidii sana. Nalala na amani.